Upana wa Kawaida wa Aota ya Tumboni

Aota ni mshipa mkuu unaopeleka damu kutoka moyoni hadi sehemu zote za mwili. Sehemu yake ipitayo tumboni, mbele ya uti wa mgongo, kwa kawaida huwa na upana wa karibu sentimita 2.

Upana huo haulingani kwa watu wote. Aota ya mwanamume kwa kawaida ni pana kuliko ya mwanamke, ya mwenye umbo kubwa huzidi ya mwenye umbo dogo, na umri unaposonga mshipa hupanuka kidogo. Kwa hiyo ndugu wawili wanaweza kupata vipimo tofauti, na wote wakawa wazima.

Nchini England, majibu hupangwa hivi kwa sentimita:

• Chini ya 3: ni kawaida, mwanamume aliyepimwa akiwa na miaka 65 hahitaji kurudia.
• 3 hadi 4.4: hupimwa kila mwaka.
• 4.5 hadi 5.4: hupimwa kila miezi 3.
• 5.5 au zaidi: hupelekwa kwa daktari bingwa wa upasuaji wa mishipa.

Aota iliyotanuka mara nyingi haiumi. Ikipasuka, damu humwagika ndani ya mwili na wengi hufariki. Ndiyo maana kujihisi mzima si sababu ya kuacha kupimwa. Hatari huongezeka kwa mvutaji sigara, mwenye shinikizo la damu, na ambaye mzazi au ndugu yake aliwahi kupata tatizo hili.

Wanaume walioandikishwa kwa daktari wa familia hualikwa kwa barua katika mwaka wanaotimiza miaka 65. Aliyehama ampe daktari anwani mpya, barua isije ikapotea. Aliyepita umri huo bila kupimwa anaweza kuomba mwenyewe. Wanawake hawaalikwi, kwa kuwa tatizo hili ni nadra zaidi kwao. Mwenye historia ya ugonjwa huu katika familia amwone daktari.

Kipimo ni cha altrasaundi, hakilipiwi, na huchukua kama dakika 10 hadi 15. Anayepimwa hulala chali na kupandisha shati tu. Hakuna sindano, wala hahitaji kukaa na njaa. Jibu hutolewa papo hapo. Anayehitaji mkalimani wa Kiswahili aombe mapema.

Maumivu makali ya ghafla ya tumbo au mgongo, pamoja na kizunguzungu, jasho au kuzimia, ni dharura: ipigwe simu 999 mara moja.