Mistari ya Maegesho Isibanduke

Swali: Mistari tuliyopaka kwenye maegesho yetu ya zege hapa Kibokoni, Mji wa Kale, imebanduka kwa magurudumu ya tuktuk na pikapu. Tufanyeje?

Jibu: Rangi hubanduka kwa sababu ya kilicho chini yake. Kwangueni mistari ya zamani, osheni oili kwa sabuni, ondoeni chumvi ya bahari kwa maji ya bomba, kisha sageni uso wa zege mpaka ukwaruze kama msasa. Zege jipya lingoje siku 28. Ili kupima unyevu, bandikeni karatasi ya nailoni juu ya zege usiku kucha. Ikitoa jasho kwa chini, subirini zege likauke. Msitumie rangi ya mafuta, huliwa na alkali ya zege. Pakeni epoksi ya kuchanganya na kigumishi chake, tabaka mbili nyembamba, msimu wa kaskazi kabla ya masika. Magari yazuieni siku 7.