Mboga na Kuku wa Nyumbani: Kazi za Machi Huko Wang'uru

Katika nchi za Ulaya mkulima hungoja theluji iyeyuke ndipo ashike jembe. Huko Wang'uru theluji ni ile ionekanayo alfajiri katika kilele cha Mlima Kenya, mawingu yasipokuwapo, nayo haimzuii mtu kulima. Kinachongojewa ni masika, ambayo kwa kawaida huanza katikati ya mwezi wa Machi na kukoma Mei. Mtu atakaye mboga za masika hana budi kuanza kazi kabla tone la kwanza halijaanguka.

Wang'uru ni mji wa mpunga. Mashamba ya umwagiliaji ya Mwea yalianzishwa mwaka wa 1954, wakati wa Hali ya Hatari, na mifereji ya kwanza ilichimbwa kwa mikono ya mahabusu. Maji yake hutoka katika mito ya Thiba na Nyamindi, na mwaka wa 2022 bwawa kubwa lilifunguliwa katika mto Thiba. Kila mpangaji wa zamani alipewa ekari 4 za mpunga, na nyumba zikakusanywa pamoja vijijini. Kwa hesabu ya magunia mpango ulikuwa mzuri. Lakini kitabu juu ya Mwea kilichohaririwa na Robert Chambers na Jon Moris, kilichotolewa mwaka wa 1973, kilionyesha upande mwingine: wanawake walikuwa na nafasi ndogo ya kupanda chakula cha nyumbani, ikawalazimu kununua vitu ambavyo mama zao walivichuma shambani, hali fedha za mpunga zililipwa kwa mume. Ndiyo maana bustani iliyo nyuma ya jiko, hata ikiwa ndogo kama chumba kimoja, ina thamani kuliko ukubwa wake.

Jambo la kwanza ni kuujua udongo. Palipo na mpunga pana udongo mweusi mzito, ambao hushika maji kama chungu wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Ukienda mwendo mfupi tu kwenye miinuko, utakuta udongo mwekundu usiotuamisha maji. Basi mwenye udongo mweusi na ainue matuta kiasi cha futi moja kutoka ardhini, na kati ya tuta na tuta aache mfereji, kwa maana mizizi ikikaa majini siku mbili au tatu huoza. Mwenye udongo mwekundu na afanye kinyume, apande katika vitanda vilivyo chini kidogo ili maji yasikimbie. Watu wengi wameiga matuta ya jirani pasipo kutazama udongo wa jirani, wakapata hasara. Upana wa kitanda usizidi futi 4, ili mkono ufike katikati pasipo kukanyaga.

Kitalu cha sukuma wiki hutiwa mbegu mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Mbegu hupandwa kwa mistari, hufukiwa kidogo tu, kisha hufunikwa kwa mabua makavu ya mpunga, ambayo Wang'uru hayana upungufu. Zikichipua, mabua huondolewa na kivuli chepesi huwekwa juu. Baada ya wiki 4 hadi 6 miche huhamishwa, tena jioni, si adhuhuri, ikiachana futi 2 kati ya mistari na futi moja na nusu kati ya mche na mche. Mchicha na kunde hazihitaji kitalu. Mchicha huweza kuchumwa baada ya wiki 4 hivi, na huo ndio utakaowalisha watoto wakati sukuma wiki ingali changa. Mnavu pia hustawi vizuri. Kabichi nene kama zile za Nyeri na Karatina zapenda baridi. Wang'uru iko chini zaidi na joto lake ni kali, hivyo asiyezipata asijilaumu. Nyanya na zingoje mwisho wa masika, kwa sababu ukungu huziteketeza majani mvua inapozidi.

Maji ya mfereji yatumiwe kwa hadhari. Katika Mwea kichocho ni ugonjwa unaojulikana, na vijidudu vyake huingia mwilini kupitia ngozi iliyo majini. Achotaye na asimame ukingoni, au avae buti za mpira. Watoto wasitumwe kuingia mferejini na madebe.

Sasa kuku. Kuku 10 na jogoo mmoja watatoshwa na banda la futi 6 kwa futi 5, lenye paa lisilovuja, dirisha la wavu, na fito za kulalia. Sakafuni hutandazwa maganda ya mpunga, unene wa vidole vinne, na yakilowa hubadilishwa. Pembeni liwekwe karai la majivu makavu, kuku wajigaragaze humo, kwani majivu huwaondolea utitiri. Chakula chao kisiwe pumba za mchele peke yake. Pumba hunenepesha lakini hazitoshi kuleta mayai. Waongezewe mahindi, dagaa waliopondwa, mchwa na majani mabichi. Tena pumba zikikaa wiki nyingi huchacha, nazo hudhuru.

Koo atakayeatamia awekewe mayai 10 hadi 13, masafi, yasiyozidi siku 10 tangu kutagwa, kila moja likitiwa alama ya penseli ili yai geni lijulikane. Baada ya siku 7 yatazamwe usiku kwa kurunzi: lenye mishipa myekundu lina uhai, lililo jeupe lote liondolewe. Vifaranga hutoka siku ya 21. Kuku wa kienyeji walioboreshwa, ambao wataalamu wa utafiti wa kilimo waliwazalisha Naivasha, hutaga mayai mengi kuliko wa asili, lakini ni wavivu wa kuatamia. Kwa hiyo haifai mtu kuwauza makoo wake wote wa zamani ili anunue hao.

Adui mkubwa si mwewe wala kicheche, bali ni kideri. Kuku huhema kwa shida, huharisha kijani, shingo hupinda, na katika siku chache banda zima huwa tupu. Dawa ya kukiponya haipo; iliyopo ni chanjo, tone moja jichoni, hurudiwa kila baada ya miezi 3, nayo hupewa kuku wazima tu. Chupa moja hutosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja, na ikishachanganywa lazima imalizwe siku ile ile. Kwa hiyo majirani kumi wakichanga fedha na kuchagua siku moja, gharama ya kila mmoja huwa ndogo kuliko bei ya yai moja au mawili kwa kila kuku. Chanjo ibebwe katika chombo chenye barafu; iliyokaa juani si chanjo tena.

Kuku na bustani hufaana, lakini hawapatani. Mavi ya kuku pamoja na maganda ya banda ni mbolea bora, ila yakitiwa mabichi huunguza miche. Na yarundikwe, yafunikwe, yageuzwe mara kwa mara kwa muda wa miezi 2 hivi. Na kuku wenyewe, wakiachiliwa kwenye kitanda kipya, hufukua kazi ya mwezi mzima kwa nusu saa. Mtu aliyemwekea koo mayai siku aliyotia mbegu kitaluni atajikuta ana vifaranga wa wiki moja hadi tatu wakati uleule wa kuhamisha miche. Ua wa fito na matete, wenye kimo cha futi 4 na usio na mwanya chini, wapaswa kuwa tayari kabla ya siku hiyo, na bawa moja la kila kuku arukaye likatwe ncha za manyoya.

Palizuka pia swali la mayai ni ya nani. Mwanamke aliyepalilia mpunga wa mumewe, akajenga banda na kuchota maji, ana haki ya kuziweka fedha za mayai katika kitambaa chake mwenyewe, na mume mwenye busara hataziulizia.