Makamu wa kwenye bango

Mdogo wangu wa mwaka wa pili, barua yako niliisoma nikiwa nimesimama kwenye daladala ya Mbagala, mkono mmoja juu, mkoba kifuani. Nikacheka peke yangu hadi konda akanitazama. Sikukucheka wewe. Nilicheka kwa sababu sambusa walizokuletea wewe, mimi pia niliwahi kuletewa.

Kwa wasomaji ambao hawakuiona: mdogo wetu alikuwa kwenye kimbweta anapiga msuli wa testi ya Jumatatu. Wakaja vijana watatu, mmoja kafunga vifungo vya shati hadi shingoni (huyo ndiye mtarajiwa), na soda na sambusa. Wanamtaka awe mgombea mwenza kwenye uchaguzi wa serikali ya wanafunzi. Alipouliza makamu atafanya kazi gani, akajibiwa hivi: “Usijali, kazi tutafanya sisi. Wewe tunataka uwe kwenye bango, wadada watakupigia.” Mama yake anasema siasa itamfanya adisko, yaani afukuzwe chuo kwa kufeli. Kuna na kaka mmoja anasema mwanamke wa majukwaani haolewi. Huyo kaka tumwache hapohapo alipo.

Nianze na mama, kwa sababu ndiye anayekupenda. Hofu yake haikutoka hewani. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere akawasikiliza, kisha akawatimua karibu 400 warudi makwao. Siku hiyohiyo akatangaza kujikata asilimia 20 ya mshahara wake, maana walikuwa wamemrushia hoja ya mishahara minono ya wakubwa. Mwaka 1978 wanafunzi wakaingia tena barabarani, safari hii wakipinga marupurupu ya wabunge na mawaziri, na wakafukuzwa tena. Mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungwa miezi kadhaa. Huenda mama yako alikuwa binti mdogo siku mjomba fulani aliporudi nyumbani na sanduku kabla ya wakati. Vitu hivyo havisahauliki kwenye familia.

Kwa hiyo usimjibu mama kwamba mambo ya zamani yamepita. Mwambie utakachofanya na ambacho hutakifanya. Ili ujue cha kumwambia, sikia yaliyonipata mimi.

Nilikubali zile sambusa. Chuo sikitaji, na watu siwataji. Tukashinda kwa kura nyingi, bango langu likapendeza kweli, nilikuwa nimesukwa upya. Kisha mwaka ukaanza. Nilikaribisha wageni. Nilikata keki ya mwaka wa kwanza. Kwenye kikao cha baraza letu, kila chai ilipoletwa, macho yote yalinigeukia mimi kana kwamba birika lina jina langu. Siku bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, lilipochelewa, wenzangu walikutana usiku bila mimi, wakaandika tamko kali, na chini yake wakaweka majina ya viongozi wote. La kwangu lilikuwa la pili. Nililiona asubuhi limebandikwa, kama mwanafunzi mwingine yeyote. Mwezi uliofuata nilipokea barua ya kutakiwa kujieleza, nikapewa onyo la maandishi kwa maneno ambayo hata sikuyasoma kabla. Na bumu halikutoka kwa sababu ya tamko lile.

Ninachotaka ukione ni hiki: hatari iliyonipata haikutokana na kufanya siasa. Ilitokana na kukubali cheo kisichokuwa na kazi. Aliye kwenye bango tu hajui kinachoamuliwa, lakini adhabu ikija inamjua.

Sasa nikupe picha nyingine. Miaka ya mwisho ya 1960 pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kulikuwa na kundi la wanafunzi wa mrengo wa kushoto, USARF, na mwenyekiti wake alikuwa kijana kutoka Uganda aitwaye Yoweri Museveni. Hilo kila mtu anakuhadithia. Wasichokuhadithia ni kwamba kundi hilo lilikuwa na jarida lake, Cheche, na kwenye bodi ya wahariri alikuwamo msichana, Zakia Meghji. Mwaka 1970 kundi na jarida vyote vikapigwa marufuku. Lakini yule mhariri alikuja kuwa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri wa Fedha wa nchi hii, mwaka 2006. Sisemi kwamba jarida ndilo lililompeleka Hazina. Nasema tu kwamba alipokuwa mwanafunzi alishika kazi yenye makaratasi ndani yake, ya kusoma, kukata, kuamua nini kichapwe. Hakuna anayeweza kukupa kazi hiyo kisha akakuambia uje na sura tu.

Na kazi yenye makaratasi pale chuoni unaijua. Ni mikopo. Tangu Bodi ya Mikopo ianze kazi mwaka 2005, sehemu kubwa ya siasa za vyuo vyetu imekuwa siasa za bumu. Pesa ya chakula na malazi ilikaa muda mrefu kwenye shilingi 8,500 kwa siku, ikapanda hadi 10,000 mwaka wa masomo wa 2022/23. Nani yumo, nani hayumo, nani kapewa asilimia ngapi, jina la nani halijatoka. Wagombea wote watahubiri hilo kwa kipaza sauti. Waulize wangapi wanamjua afisa mikopo kwa sura.

Nilipokuwa mwaka wa kwanza, mwenzangu wa chumbani jina lake lilikosekana kwenye orodha ya kusaini mara mbili mfululizo. Alikuwa anakula mihogo asubuhi na kuiita chakula cha mchana. Viongozi wakubwa walimwahidi, wakampiga bega, wakaondoka. Aliyemsaidia alikuwa CR, mwakilishi wa darasa lao, kijana mpole asiyejua kuhutubia, aliyekaa naye jioni moja wakalinganisha cheti cha kidato cha nne na fomu ya mkopo herufi kwa herufi. Kwenye cheti jina la kati lilikuwa na “h”, kwenye fomu halikuwa nayo. CR akabeba vivuli vya vyeti vya watu kumi na moja wenye shida kama hiyo, akaenda navyo ofisini, na akarudi tena Alhamisi, na Alhamisi iliyofuata. Huyo kijana hakuwahi kuwa kwenye bango lolote. Mimi hadi leo ningempigia kura hata ya ubunge wa kweli.

Fedha ya kampeni: usitoe hata senti ya bumu. Hiyo ni mkopo, mdogo wangu. Siku ukiajiriwa Bodi itakata asilimia 15 ya mshahara wako, na utajikuta una watoto wawili unalipia tisheti za uchaguzi uliokwisha. Na fedha wanayoileta wao, uliza imetoka wapi. Vyama vina vijana wao vyuoni, huku seneti ya CCM, huku CHASO ya CHADEMA, na siyo dhambi kuwa na chama. Dhambi ni kusimama kama mgombea wa wanafunzi huku kuna mtu mjini anayekutumia nauli na wewe humjui.

Kuna jambo zito zaidi, ninalitaja kwa sauti ya chini. Zamani Mlimani kulikuwa na kitu kikiitwa Mzee Punch. Wanafunzi wa kiume wasiojitaja majina walibandika ukutani karatasi na michoro ya kumdhalilisha mtu, na mara nyingi aliyelengwa alikuwa msichana, hasa aliyejiamini au aliyewakataa. Februari 1990 mwanafunzi Levina Mukasa alijiua baada ya kusumbuliwa na kundi hilo. Ninyi mmezaliwa hayo yamepita, lakini ukuta upo, umehamia kwenye simu. Ukigombea watatengeneza picha, watakata skrinshoti nusu, watakuandika kwenye grupu la darasa. Usijibu usiku. Hifadhi kila kitu pamoja na tarehe yake, mpelekee mshauri wa wanafunzi, na kumbuka kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa unyanyasaji wa namna hiyo. Na maneno yakikuelemea usijifungie nayo chumbani. Nenda kalale kwa shangazi, mpigie mama, yeyote. Usione aibu.

Vikao vya saa tano usiku kwenye chumba cha mtu, hapana. Kikao kinafanyika darasani, au kwenye vimbweta, taa zikiwa zinawaka. Yeyote mwenye mamlaka, mwalimu au kiongozi, akikuambia jambo lako litapita ukimtembelea, hiyo ni rushwa ya ngono, imo kwenye sheria ya 2007 ya kupambana na rushwa, na TAKUKURU wanaipokea.

Masomo nayapita haraka kwa sababu unayajua. Angalia katiba ya serikali yenu ya wanafunzi inasemaje kuhusu GPA ya mgombea. Ukiwa na sapu mbili sasa hivi, subiri. Ukiwa huna, basi kampeni isiguse kozi weki, na mama apewe nakala ya matokeo bila kuomba. Hiyo itamtuliza kuliko hotuba.

Nikubali au nikatae, umeuliza. Mimi nakuona unafaa, kwa sababu walipokupa sambusa wewe uliuliza kazi. Ila sidhani unafaa pale walipokuweka. Watakaporudi kwenye kimbweta, waambie umakamu wampe anayeutaka, wewe unataka Wizara ya Mikopo, na unataka iandikwe kabla ya bango kuchapwa kwamba jina lako haliwekwi kwenye tamko usilolisoma. Kisha nyamaza uwaangalie. Wakitazamana wao kwa wao kabla ya kujibu, maliza soda yao, washukuru, na urudi kwenye testi ya Jumatatu.