Somo: Kuwakumbuka Waliotuongoza
Soma Waebrania 13:7

Mwandishi wa Waebrania anapotuagiza tuwakumbuke viongozi wetu, anatuelekeza tuutazame mwisho wa mwenendo wao. Basi leo tuutazame wa Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Cape Town, aliyefariki tarehe 26 Desemba 2021, akiwa na umri wa miaka 90.

Sisi tuliofundisha walimu twampenda kwa sababu moja zaidi: yeye naye alikuwa mwalimu. Serikali ya makaburu ilipotunga sheria ya mwaka 1953 ya kuwapa watoto Waafrika elimu hafifu makusudi, aliiacha kazi hiyo. Akaingia katika utumishi wa Kanisa, akapewa upadre mwaka 1961.

Sasa angalieni mazishi yake. Aliagiza mwenyewe jeneza la bei rahisi kuliko yote. Likaletwa la mbao za msonobari, vishikio vyake kamba, na shada moja la maua kutoka kwa familia. Na huyu ndiye aliyepokea Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 1984!

Nasi je? Tuliwahi kuketi katika kamati ya mazishi ya mchungaji mmoja tuliyempenda sana. Tulichanga, jeneza likang'aa, ng'ombe wakachinjwa. Machozi yetu yalikuwa ya kweli. Masika yalipofika, mjane wake alikinga maji ya paa kwa sufuria, na daftari la michango lilikuwa kabatini mwetu, limefungwa.

Swali la kujadiliana: mjane wa mchungaji aliyetubatizia watoto wetu, tulimtembelea lini mara ya mwisho?