Jina la mji katika anwani ya intaneti

Asali ya Kibondo na maharage ya Kasulu huuzwa mbali na wilaya hizo, na mara nyingi mnunuzi hulijua jina la mji kabla ya jina la muuzaji. Ndiyo maana mfanyabiashara anayetafuta anwani ya intaneti huvutiwa kuunganisha bidhaa na mji, tuseme asalikibondo.co.tz.

Alama ya .tz ilitengewa Tanzania mwaka 1995. Majina husajiliwa kupitia wasajili walioidhinishwa, na .co.tz ni ya biashara. Anayewahi ndiye anayepata. Cheti cha BRELA hakimshikii mtu nafasi huko. Hilo ni daftari jingine kabisa.

Hatari kubwa iko kwa fundi. Mwenye duka akimwachia kila kitu, fundi anaweza kuandikisha anwani kwa jina lake na baruapepe yake. Wakikosana, kuirudisha ni kazi, na anwani imekwisha chapwa kwenye lebo za chupa zote! Mwenye mali aandikishwe mwenyewe kuwa mmiliki, kwa baruapepe yake, na risiti azitunze. Ada nayo ina muda wake: isipolipwa upya, jina huachiwa, na jirani mwenye mizinga aweza kulichukua.