Taa ya Njano na Chombo cha Kusafisha Moshi

Bwana Mkulima, mwezi uliopita mzee mmoja wa skimu alikuja afisini na swali lisilo la mbegu wala la mbolea. Anayo pikapu ya petroli ya kupelekea maziwa. Taa ya njano yenye picha ya injini ilikuwa imewaka, na fundi wa sokoni akamwambia, "Niachie nikate kile kitu cha chini, tena nitakupa pesa kidogo." Je, akubali? Nilimwomba angoje kwanza, ajue kitu hicho ni nini. Wewe nawe yafaa ujue.

Injini ikiwa baridi, inama ulitazame bomba la moshi kutoka mbele. Kabla ya kufika kwenye sailensa utaona chombo cha chuma kilichovimba. Mafundi hukiita katalitiki. Ndani yake mna kitu kama sega la nyuki, lenye vijitundu vyembamba vilivyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Chombo kikipata joto la kama digrii 300, madini hayo huigeuza hewa ya sumu itokayo katika injini, na mabaki ya petroli isiyoungua, kuwa hewa isiyodhuru mapafu. Madini yenyewe hayaliki, na bei yake ni kubwa sana. Sasa waelewa kwa nini fundi yule alikuwa mkarimu.

Gari hujuaje kwamba chombo kimechoka? Gari nyingi za petroli za siku hizi zina sensa mbili za oksijeni, moja mbele ya chombo na moja nyuma. Ile ya mbele hupanda na kushuka upesi, kwa sababu kompyuta ya gari huongeza na kupunguza petroli kila mara. Chombo kizima huweka akiba ya oksijeni inapozidi na kuitoa inapopungua, kwa hiyo sensa ya nyuma hutulia. Fikiri juu ya tangi la maji shambani. Maji ya mfereji huingia kwa vishindo, lakini bomba la kutolea hutiririka sawasawa. Tangi likijaa matope, vishindo vya kuingilia hutokea vilevile upande wa pili. Kompyuta ikiona sensa ya nyuma inacheza kama ya mbele, kwa kawaida katika safari mbili, huwasha taa. Marekani iliagiza upimaji wa namna hii katika gari ndogo zote mpya tangu mwaka wa 1996, ili moshi usizidi kipimo cha sheria bila mwenye gari kujua.

Fundi mwenye kifaa cha kusomea ataona namba P0420. Hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Namba hiyo yasema kwamba kazi ya chombo imeonekana kupungua, haisemi sababu. Mwambie atafute kwanza ufa katika bomba karibu na sensa, maana hewa ya nje ikiingia sensa hudanganyika. Atazame plagi. Je, moshi ni wa buluu? Basi injini inakula oili, na majivu ya oili huyafunika yale madini. Ukiweka chombo kipya bila kuponya ugonjwa huo, nacho kitakufa.

Taa ikiwa inawaka na kuzima mfululizo, punguza mwendo na usimame mahali pa salama. Petroli isiyoungua inaingia katika chombo, inawaka humo, na sega laweza kuyeyuka.

Risasi iliyotiwa katika petroli zamani iliua vyombo hivi vilevile, lakini nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliiacha kufikia mwanzo wa 2006. Hilo sasa lisikusumbue.

Jambo jingine, na hili ni la shamba hasa: baada ya safari usiegeshe gari juu ya mabua makavu ya ngano au majani marefu. Chombo hiki huwa cha moto mno, na moto wa nyasi umeanza hivyo mara nyingi.

Gari la yule mzee lilikutwa na ufa kwenye kiungo, mbele kidogo ya sensa ya nyuma. Uliunganishwa kwa kulehemu, namba ikafutwa. Kufuta peke yake hakuthibitishi kitu, kwa kuwa kompyuta huanza kupima upya na yahitaji safari kadhaa. Amepeleka maziwa wiki tatu sasa, na taa haijawaka tena.