Panda Mbio, Shuka kwa Kutembea

Swali linalonifikia sana siku hizi ni hili: "Dada, nakimbia kila asubuhi barabara ileile, lakini mwili haupungui. Nifanyeje?" Mdogo wangu, tafuta kilima.

Ukikimbia tambarare kwa mwendo uleule kila siku, mwili huzoea na kazi huwa nyepesi. Ukipanda, kila hatua unaubeba uzito wako kwenda juu, na makalio, mapaja na misuli ya nyuma ya mguu havipati pa kujificha. Mwinuko wa asilimia 10, yaani unapanda mita 1 kwa kila mita 10 unazokwenda, huongeza nguvu unayotumia kwa karibu nusu, hata kama mwendo haujabadilika. Tena kwa kuwa ardhi inakuja kukupokea juu, kishindo cha mguu ni kidogo. Kwa mwenye mwili mzito na magoti yanayolalamika, hiyo ni neema kubwa.

Hatari iko kwenye kushuka. Ukishuka mbio, mapaja hufunga breki kila hatua, magoti hubeba kishindo, na kesho yake ngazi huzitaki hata kuziona. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya dada yako: panda mbio, shuka kwa kutembea.

Tufanye hivi. Kama hujawahi kukimbia, wiki mbili tatu za mwanzo panda kwa kutembea kwa haraka tu, mpaka uone pumzi imeanza kukutii. Kisha siku ya mlima, tembea na kukimbia taratibu dakika 10 ili misuli ipate joto. Chagua mwinuko wa wastani, usio na mawe yanayoteleza. Panda mbio sekunde 20 hadi 30, shuka ukitembea, vuta pumzi mpaka uweze kuzungumza sentensi nzima, ndipo urudie. Mara nne zinatosha kwa kuanzia. Kila wiki ongeza mara moja, mpaka ufike nane. Ukiwa unapanda, hatua ziwe fupi, mikono ifanye kazi, macho yatazame mbele, na mgongo usikunjike.

Fanya hivyo mara moja kwa wiki, baadaye mara mbili, na usiunganishe siku hizo. Siku nyingine tembea au kimbia polepole. Najua mmeona picha za wanariadha wa Kenya wakipanda barabara ya Fluorspar, kilomita 21 za kupanda kutoka Bonde la Kerio. Wale wamejenga miguu hiyo kwa miaka mingi. Wewe jenga ya kwako taratibu.

Wa Mwanza, Mbeya na Lushoto hamna kisingizio, vilima viko mlangoni. Wa Dar es Salaam, siku ya mapumziko nendeni Pugu au Kisarawe. Siku za kazi, ngazi za ghorofa zinafaa kabisa. Nendeni wawili au watatu, kukiwa kumepambazuka, na msizibe masikio kwa muziki, maana bodaboda hazipigi hodi. Valia sidiria inayoshika vizuri na viatu vyenye soli isiyoteleza. Mwenye hijabu achague kitambaa chepesi kinachopitisha hewa.

Sasa nikwambie ukweli kwa sababu nakupenda. Mlima peke yake hautaondoa kilo kama sahani haijabadilika. Soda moja ya nusu lita ina karibu gramu 50 za sukari, na kuichoma hiyo ni jasho la dakika 20 hivi za kukimbia. Ukitoka mlimani njaa huwa kali, kwa hiyo andaa mapema: mayai au maharage, mboga nyingi, ugali wa kiasi, maji. Usijishindishe njaa, ukijinyima sana utapoteza misuli unayoitafuta. Kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni mwendo mzuri, na zipo wiki mzani utagoma huku gauni likilegea kiunoni. Pima na pumzi pia: ukikipanda kile kilima bila kusimama pale ulipokuwa unasimama, umeshapiga hatua.

Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, kisukari, ujauzito au aliyejifungua karibuni, aanze kwa daktari. Anayetumia insulini abebe kitu cha sukari mfukoni. Na yeyote atakayebanwa kifua au kuhisi kizunguzungu asimame hapo hapo, akatafute matibabu.

Wiki hii sikudai zaidi ya jambo moja: chagua kilima chako, umtafute mwenzako, mpange siku. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, muwe mmeshafunga kamba za viatu.